Yule Mwekundu Asiye na Uso

Mpwa wangu Somoe ana kibanda cha kutengeneza simu hapa Masasi, karibu na stendi. Nikichoka, na siku hizi nachoka mapema, huenda kukaa pale. Mguu wangu wa kulia sukari imeshaanza kuuchezea. Daktari kasema nitembee, basi natembea mpaka kwa Somoe halafu nakaa. Dada yangu alinizalia binti mwenye akili. Anafungua simu kama mtu anavyomenya chungwa.

Siku moja umeme ulikuwa umekatika, jirani yake kawasha jenereta, na Somoe mle ndani anachomea vijiwaya vyake. Moshi wa kuchomea ukachanganyika na petroli. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye benchi. Nikainua kichwa, maana harufu ile naijua. Kwa miaka mingi sikuwa nimeinusa ikiwa imekaa pamoja namna ile, petroli na plastiki iliyopata moto.

"Mjomba, njoo uone," Somoe akaniita. "Kuna gemu la zamani la kupigana, wamelitoa upya. Zamani walikuwa vipande vipande tu, kama matofali. Sasa wamewapa nyama, wana mpaka jasho."

Sikutaka. Mimi na gemu wapi na wapi. Mimi mtu wa malori na ghala la korosho, nyumba yangu nimeijenga kwa mikono hii, darasa la nne niliishia njiani. Lakini akawasha, na simu ikatoa ule mlio. Walichobadilisha ni picha. Mlio wameuacha vilevile, ule wa kukwaruza, kama mdudu aliyefungiwa ndani ya kopo. Nikaomba kiti kingine, nikasogea karibu yake.

Ninyi wenzangu mliokulia Newala miaka ile ya ruksa mtakumbuka. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni, na shati la mtu lilikuwa na viraka mpaka hujui kitambaa cha mwanzo kilikuwa kipi. Halafu ghafla vitu vikaja. Mitumba kwa marobota, betri, redio za kaseti, viatu vya raba vyenye rangi za kuumiza macho. Wanunuzi wa korosho wakaja na mizani yao wenyewe. Watu ambao hakuna aliyewajua wakaanza kujulikana, na mmoja wao alikuwa Mjomba Chilumba, kaka yake mama.

Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba analisha na kuvisha, lakini mambo ya jando, ya kuoa, ya jina utakaloitwa ukubwani, anaulizwa mjomba. Mama alikuwa amebakiwa na kaka mmoja tu. Kwa hiyo nami nilikuwa na mjomba mmoja tu, na mtoto ambaye mjomba wake kafa kabla hajamtia jando alikuwa wa kuazimiwa mkubwa wa kusimama naye. Hilo nililijua hata kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe sikuwa navyo.

Mjomba alirudi kutoka Dar akiwa juu ya lori, amevaa jaketi jekundu la mtumba lenye zipu, kakumbatia televisheni kama mtu aliyepakata mgonjwa. Chini ya miguu yake palikuwa na jenereta dogo, na kwenye mfuko wa nailoni palikuwa na boksi jeusi lenye vishikio viwili vya vitufe. Akapiga banda la mabati nyuma ya soko, akatandika mbao za kukalia, akawasha. Mji mzima wa watoto ukahamia pale.

Gemu lilikuwa moja tu. Watu wawili kwenye kiwanja cheusi, mmoja mwekundu, mmoja wa bluu. Hawana macho, hawana mdomo, hawana vidole. Kichwa ni kipande, mkono ni kipande. Wanapiga ngumi, wanapiga teke, wanaruka, basi. Juu ya kila mmoja kuna mstari. Ukipigwa, mstari unapungua. Ukiisha, unalala chini.

Mjomba hakutaka hela zetu kwa sababu alijua hatuna. Msimu wa korosho tulilipa kwa kopo la korosho tulizookota chini ya mikorosho ya wazazi wetu. Msimu ukiisha tulilipa kwa maji. Unashuka bondeni na dumu, unapanda nalo kichwani ile njia inayokata pumzi, unalimimina kwenye pipa la Mjomba, ndipo unakaa. Maji yale aliwauzia mama lishe wa sokoni. Sheria ilikuwa kwamba anayeshinda anabaki, anayeshindwa anainuka kwenda bondeni. Watu wazima walisema Chilumba ana kichaa, kaleta mashine ya kuchezea. Wake zao walikuwa wakinunua maji yake.

Na alijua kuita watu. Alikuwa akisimama mlangoni na jaketi lake, anapiga kelele: "Huyu mwekundu ndiye Chilumba mwenyewe! Nani wa kumlaza Chilumba Newala hii?"

Wavulana wanajibu: "Leo tunamzika!"

"Mtamzika na nani? Hamisi? Hamisi hajui hata kufunga suruali!"

Hamisi alikuwa mtoto wa fundi baiskeli, mkubwa kuliko sisi, vidole vyepesi. Anakaa, anashika wa bluu, na Mjomba anashika mwekundu. Mjomba akipigwa anaguna kweli, anashika mbavu, anajiangusha kwenye mbao. Watoto wanacheka mpaka wanalia. Mimi nilikuwa sicheki. Mimi nilikuwa naamini.

Lazima niwaeleze kwa nini, maana watoto wa leo hawataelewa. Sisi tulilelewa na lipiko. Vijana wakitoka jando ngoma inapigwa, na lipiko anatoka kichakani amejifunika nguo mwili mzima, kichwani uso wa mti wenye meno na nywele za kweli. Tuliambiwa ni mfu aliyefukuka. Bibi yangu aliniapia. Ndani ya lipiko hamna mtu, alisema, mna nguvu za mtu. Mtoto asiyetiwa jando na mwanamke hawatakiwi kujua zaidi ya hapo, na asiyetakiwa kujua hakuuliza. Mwaka mmoja lipiko alinikimbiza mimi peke yangu, kati ya watoto wote, mpaka nikaingia chini ya kitanda cha Bibi. Nilikaa mle mpaka ngoma ikaisha.

Kwa hiyo nilipoona ndani ya lile boksi kiumbe kisicho na uso kinachotembea na kupigana, na mtu mzima anayeheshimiwa anasema huyu ni mimi, sikuona ajabu. Nilielewa. Lipiko ana uso lakini hana mtu. Huyu mwekundu ana mtu lakini hana uso. Mjomba katia nguvu zake mle. Ndiyo maana watu walimwogopa kidogo.

Mvua zilipoanza, Mjomba akaanza kukohoa.

Kwanza nilidhani ni moshi wa jenereta. Halafu siku moja Hamisi alishika wa bluu, akamlaza mwekundu mara nyingi mfululizo, banda likarindima. Kesho yake Mjomba hakuamka. Mama alimpelekea uji, akarudi na bakuli likiwa limejaa. Nikasimama uani nikafikiria ule mstari, unavyopungua kidogo kidogo kwa kila teke. Nilipomwona Mjomba baada ya hapo, jaketi lilikuwa limemzidi mabegani. Nikapata hesabu yangu. Hakuna mtu aliyenifundisha, niliipata mwenyewe, na kwa mtoto ilikuwa hesabu safi kabisa.

Basi nikaamua mwekundu asipigwe tena.

Ninyi mnaonijua mnasema mimi mkaidi. Ukaidi wenyewe ulianzia pale. Nilishuka bondeni alfajiri kabla ya wengine, nikalipa maji, nikakaa, nikashika kishikio cha mwekundu. Nilijifunza kuruka kabla ngumi haijatoka. Nilijifunza kwamba wa bluu akirudi nyuma hawezi kupiga teke. Vidole viliota malengelenge, yakapasuka, nikafunga kwa kitambaa cha kanga ya mama. Nikishinda nabaki. Nikiwa nimebaki, hakuna mwingine wa kumshika mwekundu vibaya.

Lakini kulikuwa na shule. Nikiwa darasani nani anashika mwekundu? Nilikaa kwenye dawati naangalia ubao, masikio yangu yako sokoni. Siku ya kwanza nilitoroka wakati wa mapumziko. Baadaye nikawa siendi kabisa. Watu huniuliza kwa nini sikusoma. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa na kazi?

Hamisi alikasirika. "Wewe mtoto una dawa," akaniambia mbele ya watu. "Hebu shika wa bluu tuone."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini? Bluu inauma?"

"Nimesema siwezi."

"Mpwa wa Chilumba mchawi!" wakapiga kelele. Mimi nikampiga Hamisi tena, akaenda bondeni.

Mama alikuwa na yake. Nilimsikia uani akimwambia Mjomba, "Kaka, mtoto huyu sasa ni wa boksi lako. Mwalimu kanisimamisha njiani kaniuliza kama kahama. Na wewe mwenyewe hujiangalii. Lifunge hilo banda uende Mnyambe upumzike shamba."

"Nikilifunga mtakula nini?" Mjomba akajibu. Sauti yake ilikuwa imekwisha nusu. "Mwache. Nitasema naye."

Akanichukua siku ya mvua kubwa, ile inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Hakuna mteja aliyekuja. Aliwasha jenereta kwa shida, alivuta kamba akapumzika, akavuta tena. Nikataka kumsaidia akanizuia kwa kiganja. Alikuwa amevaa lile jaketi jekundu na juu yake koti zito la mtumba, na bado alitetemeka. Mfukoni alikuwa na korosho za kukaanga, akaziweka kwenye ubao katikati yetu.

"Kaa. Leo mimi na wewe."

Akachukua mwekundu. Mimi nikabaki na wa bluu.

Mlio ukaanza. Mjomba akanipiga ngumi, akanipiga teke. Sikujibu. Mstari wangu ukaisha, nikalala. Tukaanza tena, nikalala tena.

"Mbona umesimama kama kigingi? Piga."

"Napiga, Mjomba."

"Hupigi. Wewe ndiye uliyewamaliza watoto wa soko zima, leo unanichezea? Usinihurumie. Nipige."

"Hapana."

"Nimesema nipige!" Akakohoa. Alikohoa muda mrefu, ameinama, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mstari wa mwekundu kuangalia kama unapungua. Haukupungua. Sikuelewa.

"Nikikupiga utakufa," nikasema.

Akaniangalia. Akazima sauti ya televisheni, ikabaki mvua na jenereta.

"Nani kakwambia?"

Nikamwambia yote. Hamisi na ile siku ya kulazwa mfululizo, uji uliorudi umejaa, jaketi. Nikamwambia ninavyoshuka bondeni alfajiri. Nikamwonyesha vidole. Nikamwambia najua yumo mle ndani kama lipiko, na sijamwambia mtu yeyote.

Mjomba hakucheka. Hilo ndilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba hakucheka. Aliinuka, akachungulia nje kwenye mvua, upande huu na upande ule, akavuta bati la mlango akalifunga. Akarudi kukaa karibu nami mpaka nikasikia joto la homa yake.

"Nitakwambia neno ambalo sitakiwi kukwambia," akasema. "Wazee wakijua watanitoza mbuzi, na watakuwa na haki. Ndani ya lipiko kuna mtu."

Nikaziba masikio. Kweli nikaziba. Akanishika mikono akaitoa taratibu.

"Kuna mtu, mzima, anatoka jasho na anasikia njaa. Yule aliyekukimbiza mpaka chini ya kitanda cha bibi yako nilikuwa mimi. Ulikuwa umeshika ming'oko kwenye jani. Uliiangusha pale kwenye mlango wa jiko, nikaikanyaga, nikateleza nikataka kuvunjika shingo na ule mti kichwani. Nani mwingine anajua uliangusha ming'oko?"

Hakuna. Hata Bibi sikumwambia, kwa sababu ilikuwa ming'oko yake, viazi vya porini alivyovichimba mwenyewe.

"Nilikuwa nakuchezea tu," akasema. "Ulikuwa na miguu myepesi, nikapenda kuona unavyokimbia."

Halafu akazima jenereta, akatoa bisibisi mfukoni, akalifungua boksi. Akalifungua lote, kifuniko pembeni, skrubu kwenye kiganja changu. "Tafuta mtu," akaniambia. "Tafuta Chilumba mle." Nikaangalia. Kulikuwa na kijibao cha kijani chenye vidoti vya risasi, waya, vumbi, na mende mkavu. Kulitoka ile harufu ya plastiki iliyopata moto. Nikaingiza kidole kila pembe. Hakuna mtu.

"Haya maradhi yangu ni maradhi," Mjomba akasema huku akirudisha skrubu. "Nilitoka nayo huko nilikotoka. Hayakuja na Hamisi, hayaji na wewe. Ukishinda hayatoki, ukishindwa hayaongezeki. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Sasa nipige."

Akawasha tena. Nikampiga. Ngumi ya kwanza nilifumba macho. Ya pili nikamwangalia yeye badala ya kioo. Alikuwa anatafuna korosho. Nikampiga teke, nikamrukia, mstari ukapungua, ukapungua, ukaisha. Mwekundu akalala chini.

"Nimekufa?" akaniuliza, mdomo umejaa.

"Hapana."

"Basi nipige tena. Na kesho uende shule."

Tulicheza mpaka petroli ikaisha, na sikumwachia hata raundi moja. Shule nilikwenda siku chache, kisha nikaacha tena, lakini hiyo ni habari ya njaa, si ya boksi.

Lile banda halikumaliza mwaka. Mama alimpeleka Mnyambe, na mimi nikabaki Newala na Bibi. Alikufa wakati watu wanapulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano umekaa hewani mpaka unausikia kwenye ulimi. Habari ilinikuta njiani natoka bondeni na dumu kichwani. Mwanamke jirani alinisimamisha akaniambia, kwa ile sauti ya chini waliyokuwa wakiitumia kwa ugonjwa wa namna ile. Nikatua dumu. Nililia kama mtoto yeyote anavyolia. Lakini sikuuliza ni nani aliyekuwa amekaa bandani siku hiyo, ameshika nini. Nilijua haihusu. Nikiwaza leo kile ambacho ningekibeba kama asingenifungulia lile boksi, nasikia baridi mgongoni, na mimi ni mzee wa kuzoea baridi.

Jando nilitiwa na mkubwa wa kuazima, kama nilivyoogopa. Siku wanayotufunulia mambo, lipiko akaletwa mbele yetu, akavuliwa uso. Wenzangu walipiga ukelele. Mimi nilitakiwa kushtuka, na nilikuwa nimejizoeza kushtuka, kwa sababu siri ya Mjomba sikutaka itozwe mbuzi hata baada ya yeye kuzikwa. Lakini sikuhitaji kuigiza. Kile kinyago kilipoinuliwa nililia mpaka wakanishika, na wazee wakafurahi wakidhani nimeogopa. Nilikuwa nimeangalia aliyekuwemo ndani. Alikuwa mtu mwingine.

Tulipotoka nikaulizwa nitaitwa nani. Jina la utotoni unaliacha kulekule. Nikasema Chilumba. Mama alijifunika uso kwa kanga, halafu akatikisa kichwa kukubali. Ndilo jina mnalolisoma ubavuni mwa malori yangu, na ndilo wanaloniitia hapa Masasi, Mzee Chilumba.

Sasa Somoe akanipa simu. Akaniuliza nachukua nani.

"Mwekundu."

Gemu hili jipya linataka jina. Akaandika CHILUMBA juu ya mstari wa mwekundu, na yeye akachukua simu nyingine, akawa wa bluu. Nikamtazama mtu wangu. Wamempa uso. Ana kidevu, ana nyusi, ana jasho kwenye paji, misuli mpaka ya shingoni. Kijana mzuri tu, wa nchi nyingine, simjui. Nilimtafuta yule wa zamani nikamkosa. Wamefanya kazi yao vizuri, siwalaumu. Yule asiye na uso nilikuwa nimempa uso mwenyewe, wao wangeujulia wapi?

Vidole vyangu vimekufa ganzi, lakini kuruka kabla ngumi haijatoka bado vinakumbuka. Nikampiga Somoe. Nikampiga tena. Mtoto anacheka, "Mjomba, kumbe wewe hatari!" Nikashinda raundi zote, na pumzi imenikatika kama nimepanda kutoka bondeni.

Halafu nikaangalia mikono yake. Vidole vinavyofungua simu kama chungwa vilikuwa vimetulia juu ya kioo. Macho yake hayakuwa kwenye gemu. Yalikuwa kwenye mguu wangu, pale bandeji inapoanzia.

"Somoe."

"Bee, Mjomba."

"Usinihurumie. Nipige."

"Mjomba, nacheza kawaida tu."

"Huchezi. Nipige, nimesema."

Akasita. Nje jenereta la jirani lilikuwa linakohoa. Kisha akasogeza kiti, akashika simu vizuri, akanipiga. Alinipiga barabara, binti wa dada yangu, hakuniachia hata pa kurudi. Mstari ukapungua mpaka ukaisha, na yule kijana mwenye uso wa watu akaanguka akiwa na jina langu juu yake.

Somoe akainua macho kuniangalia. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa korosho, nikaziweka kwenye meza katikati yetu, nikaanza kutafuna.